Chemirocha si Mzaha: Santuri, Sauti na Uvivu wa Wahakiki

Kila wimbo wa "Chemirocha" unapotajwa katika kumbi za mihadhara, kicheko hutangulia uchambuzi. Chanzo chake chafahamika. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana walioimba pamoja na Chemutoi Ketienya kwa kinubi kiitwacho chepkong. Waliyemwimba ni Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekwisha kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba santuri zake zilifikishwa huko na wamishenari wa Kiingereza. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wimbo huu ni nusu mtu, nusu swala, naye ahimizwa aruke katika ngoma hata nguo zimvuke mwilini. Msomi akishasikia hayo hutabasamu, akawahurumia wasichana waliodhani mzungu wa santuri ni mnyama, kisha akageukia mada nyingine.

Tabasamu hilo ni hukumu ya kihakiki, na ni hukumu mbovu. Kwanza, wengi wanaocheka hawaucheki wimbo bali kadi. Tracey hakuwa msemaji wa Kikipsigis. Alichoandika ni muhtasari wa mtu wa nje, tena akauvika vazi la Kiyunani kwa kumlinganisha Chemirocha na Pan, mungu mwenye miguu ya mbuzi. Pan hakuwahi kuchunga ng'ombe Kapkatet. Mlinganisho ule ni wa mkusanyaji, lakini umekwisha kunukuliwa mara nyingi hata ukachukuliwa kuwa maana ya wimbo wenyewe. Mhakiki ambaye angemkemea mwanafunzi kwa kuhakiki riwaya baada ya kusoma jalada lake la nyuma, hapa afanya vivyo hivyo bila haya.

Wapo wanaoepuka kicheko kwa kukimbilia nasaba. Hao hudai kwamba wimbo wa Rodgers uliwagusa Wakipsigis kwa sababu bluzi ilitoka Afrika, hivyo ilikuwa imerudi nyumbani. Ni kweli kwamba Rodgers, mzungu mfanyakazi wa reli, alijifunza mengi kwa vibarua weusi wa njia ya gari moshi, na kwamba mfululizo wake wa "Blue Yodel", ulioanza kurekodiwa mwaka 1927, umejengwa juu ya bluzi. Mwaka 1930 alirekodi wa tisa akiwa na tarumbeta ya Louis Armstrong. Lakini Gerhard Kubik, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu Afrika na bluzi, aliitafuta mizizi hiyo hasa katika ukanda wa savana ya Afrika Magharibi. Bonde la Ufa halimo. Kusema kwamba damu iliitambua damu ni kuifanya Afrika nzima kijiji kimoja, na ni kuwanyang'anya wasichana wale kazi waliyoifanya: hawakutambua kitu cha kwao, walisikia kitu kigeni wakakitafutia mahali.

Maelezo ya tatu ni ya kisosholojia, nayo yana wafuasi wengi Uasin Gishu. Kapseret, kusini mwa Eldoret, ambako ndege hushuka kando ya mashamba ya mahindi, Jim Reeves na Kenny Rogers wangali wanapendwa. Basi husemwa kwamba nyimbo za wachunga ng'ombe zimewapata wachunga ng'ombe wenzao. Hoja hii yaweza kumfaa msikilizaji wa leo aelewaye Kiingereza. Kwa msikilizaji asiyejua maneno yale haifai hata kidogo. Alichopokea ni gitaa, mkwaruzo wa sindano, na ile sauti ya Rodgers inayovunjika ghafla kutoka kifuani kwenda juu, pasipo neno lolote. Jamii ambayo nyimbo zake zina viitikio visivyo na maana ya kikamusi haikuhitaji mkalimani ili kujua kwamba hapo ndipo wimbo ulipo. (Na jina je? Kiambishi Che- aghalabu huanza majina ya kike, ijapokuwa Cheruiyot ni mwanamume. Nani amechunguza kama sauti ile ya juu ilihusika katika ubatizo huo?)

Santuri ilileta jambo ambalo fasihi simulizi haikulizoea: sauti iliyotengwa na mwili. Mtambaji huonekana, hutoa jasho, huweza kukatizwa. Rodgers hakuonekana, hakuchoka, na alikuwa maiti. Wasichana wa Kapkatet walimpa mwili, tena mwili unaocheza, wakamwingiza katika ngoma yao ya kurukaruka. Huo ni uhakiki wa santuri uliofanywa kwa wimbo.

Na anayeona huo ni ushamba na amtazame Robert Johnson. Mwimbaji huyo wa bluzi za mashambani alirekodi nyimbo 29 mwaka 1936 na 1937, akafa mwaka 1938. Kampuni ya Columbia ilipozikusanya baadhi yake katika sahani moja mwaka 1961, jalada lilichorwa kwa rangi kwa kuwa hapakujulikana picha yake yoyote. Wasikilizaji wa London na New York, watu wa vyuo na vitabu, waliikumbatia hadithi kwamba aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda. Walifanya yaleyale ya Kapkatet: waliitafutia sauti mwili, nao wakampata kiumbe asiye wa kawaida. Lakini hadithi ya njia panda imezaa vitabu na filamu. Ya nusu swala imezaa kicheko. Tofauti i wapi, isipokuwa katika nani aliyesimulia?

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai pale Nairobi kwamba fasihi simulizi iwe kiini cha masomo. Dai lilikubaliwa kwa karatasi, likatekelezwa kwa karatasi. Nyimbo zilinukuliwa, zikatafsiriwa, zikapangwa beti kwa beti kana kwamba ni tenzi, na sauti ikaachwa nje ya mlango. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954. Katika miaka ya 2010 ILAM, pamoja na mradi wa Singing Wells unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya Uingereza, walirudisha nakala kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa wakasikia sauti za ujana wao. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa studio na wa maktaba. Idara za fasihi zilipaswa kuwa zimekwisha kuidai miaka arobaini kabla, zikiwa na wanafunzi wasemao lugha ya wimbo tangu utotoni.

Wanafunzi hao wangalipo. Wa Kapseret, aliyelelewa katika Kinandi, angeweza kusikia katika Kikipsigis cha Chemutoi Ketienya mambo ambayo kadi ya Tracey haiyataji: mahali pumzi inapokatwa, neno linalomezwa, wanaocheka ndani ya wimbo na wanaocheka baada yake. Akifika kwenye mtihani wa fasihi simulizi, hupewa nakala ya maandishi na nafasi ya kujaza vipengele vya mtindo, hata sauti asiisikie.