Kabla ya Kumwita Mvivu, Tazama Sahani Yake

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya rangi ya chakula. Wapo watakaocheka na kusema, "Sisi tunatafuta shibe, manesi wanatuletea habari za rangi!" Tuvumilieni kidogo.

Siku moja ya kliniki ya watoto, baba mmoja alimleta mkewe hospitalini kwetu. Mama huyo ana watoto wanne, na wa mwisho, wa miezi minane, alikuwa mgongoni. Aliyezungumza ni baba. Alitusalimu vizuri, kisha akatueleza kwamba mke wake amebadilika. Zamani alikuwa mchangamfu, akipika huku anaimba. Siku hizi anaamka amechoka, anagombeza watoto kwa jambo dogo, shambani anakaa chini kabla ya saa nne, na jioni analia bila sababu. Ndugu wa mume walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Mmoja alisema ni mvivu, mwingine alisema ametupiwa kitu. Mama mwenyewe alinyamaza, akitazama sakafu.

Tulivuta kope lake la chini tukaona ndani pamepauka. Viganja vyake na ulimi vile vile. Maabara walipopima wingi wa damu walipata gramu 7.4, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi. Tukamwuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Asubuhi, chai ya rangi na kiporo. Mchana, ugali wa sembe na mchuzi wa dagaa, dagaa wenyewe wakiwa wameliwa na wengine. Jioni ugali tena, na chai. Je, mboga za majani? "Kiangazi hiki nesi, zitatoka wapi?" Na matunda? Nyumbani kuna mpapai, lakini mapapai yalipelekwa mnadani.

Hiyo ndiyo sahani tunayoiita nyeupe, nasi tunaiona kila juma. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16, karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hebu hesabuni akina mama waliokaa kwenye mkeka katika jumuiya yenu ndogo ndogo, mgawe karibu nusu. Wangapi kati yao wanaitwa wavivu nyumbani kwao?

Kazi ya damu nyekundu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali, hata kwenye ubongo. Ili itengenezwe, mwili unahitaji madini ya chuma. Yakipungua, mtu anachoka, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio akipanda kilima kidogo tu, na uvumilivu wake unakuwa mfupi. Kumwambia mtu huyo achangamke ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu acheze ngoma.

Basi rangi inaingia wapi? Sisi wauguzi wa zamani tulifundishwa kuhubiri makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda mwili. Tulibandika picha ukutani, nyingine zina matunda ya Ulaya ambayo hata sisi tulikuwa hatujayaonja. Akina mama walisikiliza kwa adabu, wakaenda nyumbani wakapika vile vile. Baadaye tuligundua kwamba swali jepesi zaidi ni hili: "Sahani yako ina rangi ngapi?" Hata asiyejua kusoma anaweza kulijibu.

Swali hilo lina maana, kwa sababu rangi ya mmea haikuja kwa urembo. Rangi ya machungwa iliyo katika karoti, boga, papai na embe lililoiva ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya kulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Majani ya kijani kibichi sana, kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, yanayo rangi hiyo hiyo, ila imefunikwa na ukijani. Ndugu zetu wa Kigoma wanaipata katika mafuta ya mawese yasiyosafishwa. Na wengi mnavijua viazi lishe, vyenye rangi ya machungwa ndani. Mwaka 2016 wataalamu walioshughulika navyo, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kiazi kimoja tu, lakini kimewashinda wengi wetu wenye mabango.

Hata hivyo sisi tuna heshima ya ajabu kwa weupe. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya njaa, ulipokuja unga wa mahindi ya njano, watu wakauita unga wa yanga na kuula kwa aibu. Mpaka leo sembe nyeupe ni chakula cha wageni, na dona ni ya kujificha nayo. Lakini mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya vitamini na madini inabaki mashineni na kuliwa na kuku. Hatusemi ugali ni mbaya. Ugali ni chakula chetu na unatia nguvu. Tunasema usiachwe peke yake.

Wanaodhani kwamba chakula ni cha tumbo tu na hakigusi akili, tunawakumbusha ugonjwa wa pelagra. Unawapata watu wanaoishi kwa mahindi karibu matupu, kwa vile vitamini iitwayo niasini iliyo ndani ya mahindi imefungwa na mwili hauipati kwa urahisi. Ngozi inayopigwa na jua inakuwa nyeusi na kuchubuka, mtu anaharisha, na kisha akili inaguswa: hasira, kukosa usingizi, huzuni, mwisho kuchanganyikiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, wagonjwa wa namna hiyo walilazwa katika hospitali za vichaa. Karibu na kwetu, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra. Mgao wao ulikuwa mahindi na karanga, na karanga zilipokatika ugonjwa ukazuka. Kwa hiyo msidharau konzi ya karanga, ingawa karanga hazina rangi ya kujivunia. Dagaa, mayai na maziwa nayo hayang'ari, lakini mwili unayahitaji. Rangi ni kiongozi tu.

Tena si kila rangi. Barafu nyekundu za kwenye vifuko, soda ya machungwa, pipi za kijani: hizo ni maji au sukari iliyotiwa rangi kiwandani. Inatuuma kumwona mama akiuza mayai kumi ili amnunulie mtoto soda na biskuti, akijua kwamba amemtendea mema.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi tukilisema, nalo ni chai. Chai pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chuma cha majani na maharage tayari kinaingia kwa shida, tofauti na cha nyama na samaki, na chai inaongeza shida hiyo. Inyweni saa moja au zaidi baada ya kula. (Sisi wenyewe zamu ya usiku tulikuwa tunakula maharage na kuyateremshia chai, basi tusijifanye malaika.) Badala yake kamulieni ndimu juu ya mboga, au kuleni pera au chungwa baada ya chakula, kwa kuwa vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Na mchicha usichemshwe mpaka ukawa rangi ya udongo na maji yake kumwagwa. Uive upesi, na uwe na mafuta kidogo au karanga, maana vitamini A bila mafuta haiingii vizuri.

Kwa akina baba tunasema wazi. Katika nyumba nyingi mboga huanzia kwenu, mama anafuta chungu. Yeye ndiye anayetoka damu kila mwezi, anayebeba mimba na kunyonyesha. Ukiona mkeo amekuwa mkali, kabla hujamlalamikia kwa wazee, kuleni sahani moja siku tatu, uone kinachobaki kwa ajili yake.

Lakini tusidanganyane. Si kila huzuni inaponywa kwa matembele. Sonona ni ugonjwa kamili, na mtu anayelia wiki mbili mfululizo, asiyelala, au anayesema afadhali afe, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Upungufu wa damu nao unaweza kuletwa na malaria, minyoo ya safura au kutokwa damu nyingi, mambo yanayohitaji dawa.

Mama yule naye alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, tukamweleza asishtuke choo kikiwa cheusi. Tulizungumza na wote wawili pamoja, sio yeye peke yake. Baada ya miezi miwili walirudi. Damu ilikuwa imefika gramu 10.6, na safari hii aliyezungumza ni mama. Alisema mapapai sasa yanabaki nyumbani, moja kwa moja. Baba amepanda matembele nyuma ya jiko, mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na yameshika hata kiangazi hiki. Kinachomsumbua ni kuku wa jirani. Tulimshauri azungushie miiba, akasema amekwisha fanya hivyo, kuku wanaruka juu. Kama kuna msomaji mwenye ujuzi wa kuzuia kuku bila kununua wavu, atuandikie.