Maabara, mionzi na vifaa tiba: Taaluma za afya haziishii kwenye udaktari

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitangazia Taifa kuthibitika kwa mgonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Sampuli ya mgonjwa huyo ilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile, ndani ya mkoa huohuo, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko huo ulitangazwa kumalizika.

Katika mlipuko wa kwanza, uliotangazwa Machi 2023 mkoani humo, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alipoteza maisha. Katika matukio yote mawili wananchi walisubiri tamko la viongozi, na viongozi nao walisubiri majibu ya kipimo. Waliosimama kati ya uvumi na uhakika walikuwa wataalamu wa maabara, watu ambao sura zao hazionekani katika picha za matukio hayo.

Hata hivyo, kila Julai yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, mazungumzo ya familia nyingi zenye kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia huwa na neno moja tu, udaktari. Asiyepata nafasi hiyo huhesabiwa kuwa ameangukia kozi nyingine, kana kwamba maabara, famasia, mionzi au uhandisi wa vifaa tiba ni mahali pa kupumzishia walioshindwa. Mtazamo huo una gharama. Unampeleka kijana kwenye kozi asiyoitaka, au unambakiza nyumbani akisubiri mwaka mwingine, ilhali mfumo wa afya unawahitaji watu wa aina yake katika vyumba vilivyojaa mitambo.

Chimbuko la mtazamo huo linaeleweka. Mwalimu Julius Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Taifa changa lilihitaji madaktari kabla ya kingine chochote, na Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ikaanzishwa mwaka 1963. Shule hiyo ilikua hadi kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Leo madaktari wanafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya na Zanzibar.

Kilichobadilika zaidi ni hospitali yenyewe. Sehemu ya mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilinunua mashine za CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa, ikiwemo mikoa ambayo awali wagonjwa wake walisafiri mamia ya kilomita kufuata kipimo hicho. Mashine ya namna hiyo haiendeshwi na daktari. Inahitaji mteknolojia mionzi wa kupiga picha, daktari bingwa wa radiolojia wa kuzisoma, na mhandisi au fundi sanifu wa vifaa tiba wa kuifanyia matengenezo. Akikosekana mmoja, mgonjwa anarudi kwenye basi. Taaluma hiyo ya vifaa tiba, inayofundishwa Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), ndiyo pengine inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu wanafunzi wengi huiona kuwa ya ufundi, na mafundi wengi huiona kuwa ya hospitali.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, itaongeza uzito wa jambo hili. Mwananchi mwenye bima hasiti kwenda kituoni kwa kuogopa gharama, na akifika anategemea kupimwa kabla ya kuandikiwa dawa. Dawa inayotolewa kwa kubahatisha ni hasara kwa mfuko wa bima, na ikiwa ni kiuavijasumu, inachochea pia usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuingia katika taaluma hizi, maamuzi mazito hufanyika mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kozi za stashahada za afya, ambazo husomwa kwa miaka mitatu kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya mfumo wa NACTVET, hudai ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini. Kwa kozi kama utabibu, Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima yawemo. Mwanafunzi anayeiacha Fizikia akiwa kidato cha tatu kwa sababu ni ngumu amejifungia milango ambayo bado hajaijua.

Matokeo hayo ya kidato cha nne hayaishi kazi baada ya kupata nafasi chuoni. Chukua tabibu mwenye stashahada aliyefanya kazi miaka kadhaa katika zahanati na sasa anataka kusomea Shahada ya Udaktari wa Tiba. Njia hiyo ipo na ni halali. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) humtaka awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 katika stashahada yake, lakini humrudisha pia kwenye cheti cha sekondari na kuangalia kama alipata angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Wapo watumishi wazuri wanaokwama hapo, si kwa kukosa uwezo wa kazi, bali kwa F ya Hisabati waliyoipata wakiwa vijana na kuipuuza kwa kuwa chuo cha stashahada hakikuihitaji. Dawa yake ni kurudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ni heri kuurudia mwaka wa kwanza wa stashahada kuliko mwaka wa kumi wa ajira.

Jambo la pili linalohitaji umakini ni tofauti kati ya shahada na leseni. Vyuo vikuu nchini hutoa shahada nzuri za sayansi ya msingi, kama vile biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Mhitimu wake anaweza kuwa mtafiti, mkaguzi wa ubora viwandani au mwalimu wa chuo. Hata hivyo, shahada hiyo kwa yenyewe haimpi mamlaka ya kupima sampuli ya mgonjwa na kutia saini majibu. Mamlaka hayo hutokana na usajili katika Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, kama ambavyo daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mfamasia na Baraza la Famasia. Majina ya kozi hufanana, na neno “maabara” limo katika nyingi kati yake. Swali la kumuuliza msajili wa chuo kabla ya kulipa ada ni moja tu: mhitimu wa kozi hii anasajiliwa na baraza gani?

Kwa madaktari, miaka mitano ya darasani hufuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini kabla ya usajili kamili. Wafamasia na wauguzi wa ngazi ya shahada nao hupitia utarajali. Familia inayopanga bajeti ya masomo inapaswa kuuhesabu mwaka huo.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la kujiendeleza, na hapa nchi imepiga hatua ya kuonekana. Profesa Mohamed Janabi, aliyechaguliwa Mei 2025 kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, alilazimika kwenda hadi Osaka, Japani, kwa masomo ya juu ya magonjwa ya moyo. Daktari wa leo anaweza kusomea ubingwa bobezi wa moyo MUHAS na kufanya mafunzo yake kwa vitendo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015. Upandikizaji wa figo ulifanyika nchini kwa mara ya kwanza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kila huduma ya namna hiyo huzaa mahitaji ya wataalamu wa kinga ya mwili, wa damu, wa usingizi na wa maabara wenye shahada za uzamili.

Katika utafiti, Taasisi ya Afya Ifakara kupitia kituo chake cha Bagamoyo ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, ambayo WHO iliipendekeza kutumika Oktoba 2023. MUHAS, kwa kazi ya miaka mingi ya Profesa Julie Makani na wenzake, imekuwa kituo kinachotajwa duniani katika utafiti wa selimundu, ugonjwa ambao takriban watoto 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, Arusha, hutoa shahada za uzamili na uzamivu pekee, na humpokea pia mhitimu wa sayansi ya msingi ambaye hakupitia kozi yenye leseni. Kwake huyo, utafiti si njia ya pembeni.

Fedha bado ni kikwazo, ingawa wigo umepanuka. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya na sayansi shirikishi zikiwemo. Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23, huwalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, na Wizara ya Afya hufadhili watumishi wanaosomea ubingwa.

Kuhusu ajira, ukweli usemwe kama ulivyo. Aprili 2023 Serikali ilitangaza nafasi 21,200 za kada za ualimu na afya, kati yake 8,070 zikiwa za afya. Ni nyingi, lakini wahitimu ni wengi zaidi, na wapo wanaosubiri kwa miaka huku baadhi ya vituo vikiwa na upungufu. Pengo hilo linatokana na ukomo wa bajeti ya mishahara, si na ukosefu wa kazi ya kufanya. Mwombaji aliye tayari kupangiwa halmashauri za pembezoni, na ambaye leseni yake iko hai wakati tangazo linapotoka, huwa na nafasi nzuri kuliko anayeanza kuihuisha siku hiyo.

Waombaji wa kozi za astashahada na stashahada za afya Tanzania Bara hutumia Mfumo wa Udahili wa Pamoja wa NACTVET, na orodha ya vyuo vyenye ithibati hupatikana katika tovuti ya Baraza hilo. Wenye stashahada wanaoomba vyuo vikuu wanapaswa kwanza kupata namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, kwa kuwa maombi yao hayapokelewi bila namba hiyo. Chuo walichosoma ndicho kinachowasilisha matokeo yao NACTVET, hivyo mhitimu afuatilie chuoni mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.