Maji yanapofika tunapajua, ila kila mtu kafungia kwenye simu yake



Mvua ikipiga masaa mawili tu hapa Dar, simu zinajaa. Wa Tandale karusha video ya mtaro uliofurika, wa Kigogo kapiga picha maji yako dirishani, mwingine anawaambia ndugu zake Jangwani hakupitiki. Kesho yake vyote vimefutika. Masika ijayo tunaanza sifuri, utadhani maji hayajawahi kuja. Mimi nilikuwa na picha za masika mbili, simu ikakwapuliwa kwenye daladala, kwisha habari.

Na huu si utani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini.

Dawa yake si ngeni. Mwaka huohuo wa 2011 Tandale ilichorwa na wakazi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ukaingia kata nyingine. Vijana wanapita uchochoro kwa uchochoro, wanarekodi mitaro na njia, halafu wanawauliza wenyeji: hapa maji yalikufika gotini au kiunoni? Yote yakawekwa OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaisoma bure na kuisahihisha. Kumbe alichokuwa nacho bibi mmoja kichwani kinaweza kumsaidia mpangaji aliyehamia jana!

Sasa msala. Nilipomweleza mzee jirani yangu, akanijibu: "Mwanangu, ukichora maji yanapofika, unawachorea wenye rangi nyekundu." Alimaanisha ile X. Sikumcheka. Desemba 2015 bomoabomoa iliingia bonde la Msimbazi, Januari 2016 ikaendelea, watu wakabaki nje na masufuria yao.

Ila kwa mtazamo wangu, kujificha hakukumwokoa mtu. Kilichosimamiwa pale ni mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004. Katapila haliulizi nani kaziba mtaro. Ukiwa na kumbukumbu za mtaa mzima mahali pamoja, zenye tarehe, unaweza kuonyesha kwamba nyumba fulani ilikuwa kavu miaka yote mpaka mtaro ulipojengewa ukuta huko juu. Hapo angalau una cha kumwambia afisa. Picha moja kwenye simu yako ataiita ya kuokoteza.

Sharti langu ni moja tu: majina ya watu na nyumba ya nani visiingie. Weka kimo cha maji, siku yenyewe, mtaro ulioziba na njia ya kukimbilia. Basi.

Nimeanza mtaani kwetu. Mpaka sasa nina vipimo vitano. Cha tano nimekipata jana kwa mzee huyohuyo, baada ya kubishana wiki nzima. Ukutani kwake kuna mstari wa tope ambao hajawahi kuupaka chokaa. Kashika futi kamba mwenyewe, miwani puani: sentimita 84. Akaniambia niandike vizuri, nisije nikaweka 48.

Mtaani kwako maji yalifika wapi, mdau?