Nani Aliyewapokea Watoro wa Rabai?

Mwanafunzi wa Isiolo afikaye Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, hukuta kanisa la kale na jumba la makumbusho lenye jina la Krapf. Asipoambiwa zaidi, hurudi kwao akidhani kuwa watumwa waliokimbilia huko waliokolewa na Krapf. Dhana hiyo naipinga. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853. Sarufi na kamusi yake ya Kiswahili zamtosha kwa sifa. Hana haja ya kuvikwa za wengine.

Watoro walimiminika Rabai miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakitoka mashamba ya pwani. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1873, lakini kumiliki mtumwa kulikuwa halali, na katika pwani ya Kenya kulibaki halali hata mwaka 1907. Wakuu wa Kiingereza walionya misheni isiwahifadhi watoro. Watoro hawakukoma kuja. Katika nchi ya Warabai walijenga, wakalima, wakazaa. Mchungaji wao alikuwa William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akasomeshwa karibu na Nasik, India, akarejea Afrika mwaka 1864. Huyo aliujua utumwa kwa ngozi yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa.

Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misheni, wengi wao wa Rabai, wakapewa hati za uhuru. Itazame hesabu hiyo, msomaji! Aliyemfanyisha mwenziwe kazi bure alipewa fedha; aliyefanyishwa alipewa karatasi.

Yuko atakayesema kwamba pasipo fedha hiyo hati zisingepatikana. Ni kweli. Lakini Mackenzie angemkomboa nani, kama Jones angekwisha kuwarudisha wote kwa mabwana?

Huko Indiana, Marekani, nyumba ya Levi na Catharine Coffin, wa dhehebu la Marafiki, hata leo huitwa kwa jina la hao waliowafungulia watoro mlango. Nasi tufanye vivyo hivyo Rabai: jina la Jones liandikwe juu ya mlango, na la Warabai kando yake, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za Krapf.