Daftari la Wiki: Kabla ya Kufunga Zamu

Jumatatu. Baridi ya Uwemba mwezi huu wa saba inawaingiza watu ndani mapema, na kwa jirani yangu vijana wanne wanazunguka jiko la mkaa na kompyuta moja, wanaendesha taifa. Gemu lenyewe ni Civilization, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 chini ya jina la Sid Meier. Unaanza miaka 4000 kabla ya Kristo, huna kitu ila walowezi na mlinzi, na kila anayecheza husubiri zamu yake. Hawa wameamua taifa moja liwe la wote. Mmoja ameshika elimu na uvumbuzi, mwingine jeshi, wa tatu miji na chakula. Msichana wa kidato cha nne ameshika majirani: nani apelekewe zawadi, nani awekewe ulinzi mpakani.

Sheria yao ni kwamba kitufe cha kufunga zamu hakiguswi mpaka kila mmoja awe amesema. Wana daftari la shule. Ukurasa wa kushoto wanaandika wanachokitaka kwa zamu kumi zijazo, wa kulia kilichotokea. Jana walibishana karibu saa nzima kama mji wa pili utoe walowezi au wapiga mishale.

"Kaka, wavamizi wameshaonekana mtoni," alisema mwenye jeshi. "Tukijenga bila mlinzi tunawajengea wenzetu."

"Na tukingoja sana," msichana akamjibu, "huo mto wataukalia wao."

Wakaafikiana: wapiga mishale kwanza, walowezi wafuate, na mji ujengwe ng'ambo ya huku. Anayecheza peke yake halazimiki kumweleza mtu sababu zake, na ndiyo maana kosa lake hulijua likishamgharimu. Pale jikoni kila wazo lilipaswa kutetewa kwa sauti, na mawili niliyoyasikia yalianguka kabla hata mwenyewe hajamaliza kuyaeleza.

Jumatano. Daftari la vijana wale limenifanya nifikirie sana Yakobi, iliyo humu humu Njombe. Septemba 1905 Wabena wa mtawala Mbeyela waliishambulia misheni ya Walutheri wa Berlin pale, iliyokuwa ya mchungaji Paul Gröschel. Wenyeji walimwita Korosani, na masimulizi ya Njombe yanaijua vita ile kwa jina lake. Misheni haikuanguka.

Ukiitazama Yakobi peke yake, ni pigano la siku moja. Iweke ndani ya vita nzima ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, utaona jinsi siku zilivyopishana. Umatumbi, watu waling'oa pamba mwishoni mwa Julai. Masimulizi yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 yanasema nabii Kinjikitile wa Ngarambe aliwataka watu wangoje neno lake, na Wamatumbi wakachoka kungoja. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, Yakobi ikafuata Septemba, na Wangoni walivamiwa kambini mwao Oktoba. Wahehe, waliowapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kupambana nao hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898, safari hii hawakujiunga. Walikuwa upande wa serikali. Wajerumani walipata nafasi ya kushughulika na kila upande kwa wakati wake.

Ushujaa haukukosekana hata kidogo. Kilichokosekana ni njia ya watu wa Umatumbi, Mahenge, Ubena na Ungoni kuketi pamoja na kupanga siku moja, na njia hiyo ingetoka wapi, kwa miguu, katika nchi pana kiasi hiki? Gemu nimelitaja kwa tahadhari, maana mle aliyeshindwa huanza upya. Huku nyuma mashamba na maghala yalichomwa, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kufika hata laki tatu.

Alhamisi. Toleo la nne la Civilization, la mwaka 2005, linafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili: "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo uliupatia muziki wa gemu tuzo ya Grammy kwa mara ya kwanza. Uwemba ni misheni ya Wabenediktini. Sala hiyo watoto wa hapa wanaijua kabla ya kujua kusoma. Nataka kwaya ya hapa iuimbe.

Jumamosi. Makambako, sokoni, kisha stesheni ya TAZARA. Barabara ya Songea inakutana hapa na ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na reli ipo hapo hapo. Yeyote wa kupanga miji angepachagua.

Reli hii ilipangwa na nchi tatu zenye shida tofauti. Zambia ilikuwa na shaba bila bahari, na baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, njia yake ya kusini ikawa mikononi mwa wasioitakia mema. Tanzania ilikuwa na bandari. China ilileta wahandisi na mkopo usio na riba. Walitia saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilikuwa zimelazwa. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa hiki cha kupandia huku, Mlimba hadi Makambako, chenye sehemu kubwa ya mahandaki ya reli yote.

Mwisho wake unajulikana. Ningependa wanafunzi wa Njombe wasomeshwe vikao vyenyewe vya kuipanga, kwa Kiswahili: nani alitaka njia ipite wapi, nani alikataa, kwa hoja gani, na nani alikubali kupunguza alichokitaka ili wengine waendelee.