Mtandao upo chini: Kwa nini takwimu za mifumo ya forodha hazilingani na foleni mpakani

Malori yanapojipanga Tunduma, Malaba au Rusumo, jibu linalotoka dirishani kwa kawaida ni moja: mtandao upo chini. Dereva hulipokea, wakala wa forodha hulipeleka kwa mwenye mzigo, na mwenye mzigo huanza kuhesabu gharama za maegesho na za kuhifadhi kontena. Lakini ripoti ya mwezi inapotoka, mfumo uleule huonekana ulikuwa hewani karibu muda wote.

Pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Tatizo liko katika kipimo.

Kuwa hewani si kufanya kazi

Kipimo kilichozoeleka katika mikataba ya mifumo ya kompyuta ni asilimia ya muda ambao mfumo unapatikana. Asilimia 99 inasikika vizuri. Hata hivyo, mwaka una saa 8,760, na asilimia moja yake ni saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za kusimama. Kama saa hizo zote zitaangukia siku za kazi mchana, hasara yake si sawa na saa hizohizo zikiangukia usiku wa manane.

Zaidi ya hapo, kipimo hicho hakihesabu kabisa mfumo uliowaka lakini unatambaa. Nyaraka inayochukua dakika 20 kufunguka badala ya sekunde tatu bado huandikwa kuwa imepatikana.

Vikao hai vinaonyesha nini

Wataalamu wa hifadhidata hutumia kipimo kingine, nacho ni wastani wa vikao hai. Idadi ya mawakala na maofisa walioingia kwenye mfumo ni jambo tofauti. Wanaweza kuwa 600 kwa wakati mmoja, wengi wao wakisoma kioo au wakinywa chai. Kikao hai ni kile ambacho katika sekunde hiyo hifadhidata inakishughulikia, au kinasubiri kushughulikiwa. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya malori yote yaliyoegeshwa mjini Tunduma na yale yaliyofika dirishani.

Hesabu yake si ngumu. Maombi yanayoingia kwa sekunde huzidishwa kwa muda ambao kila ombi hutumia. Maombi 100 kwa sekunde, kila moja likichukua sehemu ya kumi ya sekunde, hutoa vikao hai 10. Seva yenye prosesa 16 hubeba mzigo huo bila shida. Vikao vikifika 40, baadhi lazima visubiri.

Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa. Vikao 40 vinaweza kutokea kwa sababu maombi yamekuwa 400 kwa sekunde, maana yake biashara imekua. Vilevile vinaweza kutokea kwa maombi yaleyale 100, kama kila moja sasa linachukua sehemu nne za kumi za sekunde. Hali ya kwanza inahitaji mashine kubwa zaidi. Ya pili inahitaji kutafuta kilichopunguza kasi: pengine ripoti nzito inayoendeshwa na makao makuu mchana, pengine rekodi moja iliyofungwa na mtumiaji mmoja huku wengine wakiingoja. Serikali inayotazama namba moja tu inaweza kununua seva mpya kwa fedha za walipa kodi, na foleni ikabaki palepale.

Ipo pia hali ya tatu. Mpakani kazi imesimama, lakini vikao hai ni vichache kuliko kawaida. Hapo hifadhidata haina hatia. Maombi hayaifikii, na kosa liko njiani: kwenye mawasiliano kati ya mpaka na makao makuu, kwenye umeme wa kituo, au kwenye mfumo wa benki au wa taasisi ya viwango unaosubiriwa kutoa kibali.

Kulinganisha Juni na Juni

Namba ya siku moja haitoshi. Ni lazima ilinganishwe na wakati unaofanana nao. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hufunga mwaka wa fedha Juni 30, na viwango vipya vya ushuru huanza Julai 1, hivyo wiki ya mwisho ya Juni si wiki ya kawaida forodhani. Kuilinganisha na katikati ya Mei ni kujidanganya. Inapaswa kulinganishwa na wiki ileile ya mwaka uliotangulia.

Katika Oracle, mojawapo ya hifadhidata zinazotumika sana duniani, picha ya utendaji huchukuliwa kila saa na, kwa mpangilio wa kawaida wa matoleo ya sasa, huhifadhiwa siku nane tu. Katika PostgreSQL, orodha ya vikao huonyesha hali ya sasa pekee, na historia hupatikana pale tu msimamizi alipoweka utaratibu wa kuihifadhi. Pasipo uamuzi wa makusudi, ushahidi wa Juni iliyopita haupo tena wakati wafanyabiashara wanapolalamika Juni hii.

Wastani nao huficha. Saa moja yenye dakika 50 za vikao vinne na dakika 10 za vikao 60 hutoa wastani wa vikao 13 hivi. Ripoti itasema mambo yalikuwa shwari, ingawa kwa dakika 10 hakuna nyaraka iliyosogea.

Mzigo Mombasa, mfumo Kampala

Kwa ukanda huu suala hili limevuka mipaka ya nchi moja. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, mzigo wa Uganda unaoshukia Mombasa huombewa kibali na kulipiwa kodi kwenye mfumo wa Uganda kabla haujaondoka bandarini. Mfumo ukilemewa Kampala, kontena hulala Mombasa. Mifumo yenyewe ina asili tofauti: Uganda, Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA World iliyobuniwa na UNCTAD, Tanzania ilianza TANCIS mwaka 2014 ikiachana na ASYCUDA++, na Kenya ilipita kwenye mfumo wa Simba ulioanza mwaka 2005 kabla ya kuingia iCMS.

Hata saa hazifanani. Saa 4 asubuhi Tunduma ni saa 3 asubuhi ng'ambo ya pili, Nakonde, Zambia. Ndivyo ilivyo pia Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda. Mafundi wa nchi mbili wakiweka takwimu zao pamoja bila kutumia saa moja, kilele cha upande mmoja kitaonekana kutangulia cha upande wa pili kwa saa nzima, na lawama itamwangukia asiyehusika.

Nani anapaswa kujua

Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unazihimiza nchi wanachama kupima na kutangaza wastani wa muda wa kutoa mizigo. Muda huo huonyesha mzigo ulichelewa kiasi gani. Peke yake hausemi kama uliochelewesha ni mkaguzi, benki au kompyuta.

Yanayohitajika si makubwa. Mamlaka za mapato zinaweza kutunza takwimu za utendaji kwa miezi 13 au zaidi, kuziandika kwa saa moja ya pamoja, na kutangaza kila mwezi mambo matatu: maombi yaliyoingia, muda wa kila ombi katika saa za kilele, na vikao hai vikilinganishwa na mwezi huohuo wa mwaka uliopita. Siri ya mfanyabiashara yeyote haiguswi na takwimu hizo.

Kwa kampuni kubwa yenye malori mengi, siku moja ya kusubiri ni hesabu ya kawaida ya biashara. Kwa mwenye lori moja la nyanya au ndizi ni mtaji wote. Huyo ndiye asiye na njia ya kuthibitisha kuwa mfumo ulikuwa mzito, na ripoti ya asilimia 99 haimsaidii kudai chochote.