UCHAMBUZI: Gari la kasi huandaliwa kwa breki kabla ya injini

KWA vijana wengi wa Mombasa, gari kama Subaru Impreza lililotumika Japani na kushushwa katika Bandari ya Kilindini ni zaidi ya chombo cha usafiri. Likishatoka bandarini hupelekwa gereji, iwe Makupa au kwingineko kisiwani, ili liongezewe nguvu na mngurumo. Pesa huishia kwenye turbo, ekzosi na rimu. Breki husubiri hadi zianze kulia.

Mpangilio huo wa matumizi ndio kiini cha hatari. Kasi ya gari ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuiondoa huongezeka mara nne, na karibu yote hugeuka joto. Anayeongeza nguvu za injini pekee, basi, huwa amezitwika breki za kawaida mzigo ambao hazikuundiwa.

Pwani nayo ina tatizo lake. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na Mombasa unyevu ni wa mwaka mzima. Kwa mujibu wa viwango, mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 230. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na dereva hukanyaga pedeli ikazama huku gari likizidi kwenda. Gari hilo hilo huenda lilikuwa likivuka kutoka Makupa hadi Changamwe kila siku bila dalili yoyote ya kasoro.

Ndiyo sababu katika nchi zenye viwanja vya mbio, ambako mwenye gari la kawaida hulipa ada ili aliendeshe kwa kasi mbali na barabara za umma, maandalizi huanza kwa mambo yasiyo na mbwembwe: mafuta mapya ya breki, pedi nene, oili safi, rejeta isiyovuja na nati za magurudumu zilizokazwa barabara. Tairi nazo husomwa umri: tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT, kwa mfano 2319, zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya mbio, pedi na nati hukaguliwa upya kabla ya safari ya nyumbani.

Desturi hiyo si ngeni nchini. Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kushindana.

Kisiwa cha Mombasa, hata hivyo, hakina uwanja wa mbio za magari. Kwa mwenye gari la kasi, Daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 laweza kuwa kishawishi usiku, ilhali ni njia ya matatu, malori, bodaboda na watu wanaotoka kazini.

Ni sharti serikali ya kaunti, polisi na vilabu vya magari vishauriane kuhusu eneo maalum, lenye ukaguzi wa lazima na ambulensi. Wenye magari nao waanze na breki. Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Barabarani, ukingo huo huenda ukawa mtu anayevuka.